Sema Pijo au Pezho, ila usikosee herufi za giaboksi

Mjomba wangu wa Magu ni mfugaji, na ana maadui wawili hapa duniani: mwizi wa ng'ombe na kupe. Jioni moja tuko Kirumba tunasubiri sato wakaangwe, likapita gari la milango miwili, limelala chini kama kobe. Nikaropoka, "Umeiona hiyo kupe, mjomba?" Mzee akainama haraka kukagua suruali yake.

Nikamweleza kwamba ni neno la Kifaransa, coupé, maana yake "iliyokatwa", kwa kuwa zamani yalikuwepo magari ya farasi yaliyofupishwa, yakaitwa hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mtu anatoa mamilioni kununua gari iliyokatwa, na juu yake inaitwa kupe." Sina jibu mpaka leo.

Nayaandika haya kwa vijana wa Mwanza wanaoanza kupenda magari, maana nimeona mnavyochekana. Mmoja akisema "Poshi", mwenzake aliyekesha na video anamkata: "Porsha!" Ni kweli, ni Porsha, silabi mbili. Ni jina la ukoo, la Ferdinand Porsche, na Mjerumani haimezi ile e ya mwisho. Mimi niliumbuliwa kwa jina hilo hilo Capri Point, mbele ya wageni, nikakaa miezi sifungui mdomo kwenye mazungumzo ya magari. Ujinga mtupu. Waliokuwa wanacheka walikuwa wanajua mambo mengi ambayo ningeweza kuwauliza bure.

Kwanza, kwa majina ya Kijapani, uamini mdomo wako. Kijapani kinapenda konsonanti ifuatwe na irabu, kama Kiswahili. Soma Mitsubishi, Suzuki, Isuzu na Toyota kama zilivyoandikwa, na utakuwa karibu na Mjapani kuliko Mwingereza yeyote. Mkazo tu ndio unatofautiana, maana sisi tunaukandamiza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hilo halimnyimi mtu usingizi.

Na sisi Wasukuma tunaochekwa kwa r na l tuna ndugu zetu Japani. Kule sauti hizo mbili hazitenganishwi. Corolla wanaiita "Karora", na Land Cruiser kwao ni "Rando Kuruza", irabu zimechomekwa kila penye mwanya. Siku nyingine mtu akicheka "Landi Kuluza" ya babu yako, mwambie babu anaongea kama watu waliolitengeneza.

Majina yenyewe ukiyafuatilia yana utamu. Subaru ndiyo Kilimia, zile nyota ambazo wakulima wetu walizitazama kujua msimu. Angalia nembo yake, nyota sita. Isuzu ni mto. Mitsubishi ni almasi tatu, na nembo inakuonyesha. Camry imetokana na neno la Kijapani la taji, na ukikumbuka Crown, Corona na Corolla utaona Toyota walivyopenda mataji. Hata Toyota si jina lililokuja hivyo, ukoo ni Toyoda. Mwaka 1936 wakageuza d kuwa t, sababu mojawapo ikiwa kwamba kwa mwandiko wao Toyota inaandikwa kwa mipigo minane ya kalamu, na nane kwao ni namba ya heri.

Sasa usije ukazidisha. Lile gari dogo lililojaa kila kona ya jiji, IST, Mjapani analiita "Isuto". Nenda kwa wauza spea wa Mabatini uulize taa ya Isuto uone utakavyoangaliwa. Hapa ni ai-esi-ti, basi.

Ya Ulaya hayana kanuni moja, uliza mara moja ukariri. Audi tunaipatia bila kujua, a-u-di kama ilivyoandikwa. Wanaosema "Odi" ndio wanaopotea, utadhani wanabisha mlangoni. Ni Kilatini, "sikiliza", kwa sababu mwanzilishi wake August Horch aliondoka kwenye kampuni yenye jina lake, ikabidi ile mpya aipe jina lile lile kwa Kilatini, maana Horch kwa Kijerumani ni "sikiliza". Volkswagen huanza kwa f, Folksvagen, gari la watu. Renault ni Reno. Lamborghini haina ghaini ya "ghali", japo bei yake inaistahili. Hyundai ni ya Korea na kwao inakaribia "Hyonde", maana yake "ya kisasa". Peugeot ni Pezho, lakini wazee waliolijua lile 504 lililoshinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978 wanasema Pijo, na mimi simsahihishi mzee aliyeliendesha wakati mimi sijazaliwa.

Hayo yote ni ya kijiweni. Dukani kwa spea ndiko nilikolia.

Nilikuwa na Vitz yenye giaboksi ya CVT. Muda wa kubadilisha oili ulipofika nikaingia duka fulani nikasema kama nilivyozoea kuwasikia mafundi: "Nipe haidroliki ya giaboksi, lita nne." Kwa watu wengi hapa haidroliki ni ATF, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Nikapewa nilichoomba. Matamshi yangu siku hiyo hayakuwa na dosari.

CVT haibadilishi gia kama otomatiki nyingine. Ndani yake kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaobanwa katikati, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike usiteleze. ATF imetengenezwa kwa kazi nyingine. Haikupita muda, nikawa napandisha kilima cha Bugando, injini inanguruma, gari linatetemeka, bodaboda ananipita na abiria wawili na gunia. Hela iliyonitoka baada ya hapo ningenunua ng'ombe kwa mjomba.

Kwa hiyo fungua boneti, tafuta kile kibati cha namba ya chesesi, ukipige picha kwa simu. Kwa Toyota nyingi za Japani kina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Langu lilisomeka K410, na hiyo ni CVT. Tangu hapo nikiwa kaunta sitamki kitu, naonyesha picha. Kwenye chupa ya oili pia nasoma herufi mwenyewe kabla haijafunguliwa.

Vivyo hivyo na injini. Utasikia dalali akiapa, "Hii ni VVT-i, siyo D4!" Herufi hizo hazipingani. VVT-i inahusu muda wa valvu kufunguka na kufunga, D-4 ni mafuta kupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Injini ya 1AZ-FSE inazo zote mbili. Ukiogopa D4, soma jina kamili la injini, kama hilo 1AZ-FSE, mdomo wa dalali uache.

Kwa fundi, ongea kifundi. Shokapu, difu, rejeta, tairodi, bushi. Ukimletea matamshi ya London atajua wewe ni mgeni, na bei nayo itajua.

Fundi wangu hata hivyo anapenda kujifunza. Wiki iliyopita alinionyesha picha ya Koenigsegg, gari la Sweden, akauliza linaitwaje. Nikamwambia: Kónigseg. Akajaribu mara nne, akafuta jasho, akarudi kwenye bushi zake. "Liache," akasema. "Likifika Mabatini tutalipa jina."