Maji hukudanganya: kwa mgeni wa bwawa mwenye baridi yabisi

Siku yangu ya kwanza bwawani nilidhani nimepona. Magoti ambayo yalikuwa yakinigombeza kwenye kila ngazi yalikunjika bila ubishi, nami nikatembea huku na huko kwa saa nzima, hata nikarukaruka. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nilitoka kitandani nimeshika ukuta.

Kosa lilikuwa langu. Ukisimama maji yakifika kiunoni, miguu hubeba takriban nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, kama theluthi. Yakifika shingoni, kama sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana maumivu hunyamaza. Lakini misuli haipumziki. Ukiongeza kasi ya mguu mara mbili, maji hukupinga karibu mara nne, na wewe huna habari kwa sababu hakuna kinachouma.

Basi usipime zoezi kwa unavyojisikia ukiwa ndani. Pima ukishatoka. Wataalamu wa viungo wana kipimo chepesi: maumivu yakizidi yale uliyoyazoea na yakaendelea zaidi ya muda wa saa mbili baada ya mazoezi, ulipitiliza, safari ijayo punguza. Mimi ningeanza na dakika 10 au 15, mara mbili kwa wiki, na ningeongeza dakika kabla ya kuongeza kasi. Andika usiku ulikuwaje. Kumbukumbu ya mwili ni ya kuhadaa sana, hasa siku ukijisikia vizuri.

Si lazima ujue kuogelea, wala uso wako hauhitaji kulowa. Tembea tu: mbele, kinyumenyume, ubavu. Kanyaga kwa unyayo wote. Wageni wengi huelea nusunusu na kutembea kwa vidole, kisha wanalalamika kwamba misuli ya nyuma ya miguu imekaza. Wenye mabega mabovu, kunjeni magoti mpaka mabega yazame. Mkono ukitoka nje ya maji unabaki bila wa kuubeba. Vidole vya mikono navyo vifunguliwe na kufumbwa humo humo.

Uliza joto la maji kabla hujavua viatu. Nyuzi 28 hadi 31 za selsiasi zinafaa kwa mazoezi kama haya. Mabwawa ya tiba huwa na joto zaidi, kama 33 hadi 36. Bwawa la mashindano huwa baridi zaidi, na baridi huikaza misuli hiyo hiyo unayotaka ilegee. Kama huna jingine, usisimame kupiga soga, na toka kabla hujaanza kutetemeka. Kwenye maji ya joto nako unatoka jasho bila kuliona, kwa hiyo kunywa maji.

Kiungo kikiwa chekundu na cha moto, au una homa, kuhara au kidonda kibichi, kaa nyumbani. Mwenye moyo dhaifu au presha isiyotulia amwone daktari kwanza: maji husukuma damu kutoka miguuni kuelekea kifuani, na moyo hupata kazi ya ziada.

Usitarajie gegedu, ule mto laini kwenye ncha za mifupa ya kiungo, kuota upya. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 13 ya watu wenye magoti na nyonga zilizochakaa, ulikuta nafuu ipo, ila ndogo na ya muda mfupi. Kwangu hiyo ndogo ndiyo inayoniwezesha kufunga kamba za viatu mwenyewe.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kutoka. Uzito wote unakurudia ghafla, na miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Sogea kwenye kina kifupi polepole, simama dakika moja, kisha panda kwa vidato vyenye mkono wa kushikia, siyo ile ngazi ya chuma iliyosimama wima. Mguu usiouma utangulie. Na vaa viatu vya mpira vya majini. Mimi niliteleza nikiwa nimeshafika juu, taulo mkononi.