Simu inaita Kibo Mawenzi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tukitembea kwenye mashamba ya mpunga kule Rau, programu ya kutambua vilele iliandika "Mawenzi" juu ya Kibo! Je, simu yangu ni mbovu? Na huko mlimani Kilimanjaro itafanya kazi bila bando?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Simu haina ubovu, iliyopotea ni dira yake. Programu hizi nyingi haziutazami mlima kabisa. Zinachukua mahali uliposimama kwa GPS, zinauliza dira umeelekea wapi, kisha zinachora vilele kutokana na ramani ya miinuko. Kutoka Rau, Kibo na Mawenzi vimepishana kama nyuzi 20 tu, kwa hiyo dira ikiyumba kiasi hicho majina yanahama. Kagua kava lako: yale ya kufunga kwa sumaku ndiyo wachawi wakubwa. Livue, sogea mbali na gari au pikipiki, zungusha simu hewani kama unaandika nane. Ikikaidi, programu nyingi hukuruhusu kuusogeza mchoro kwa kidole hadi ukae juu ya mlima wenyewe. Kibo ni kile kipana chenye theluji, mita 5,895. Mawenzi, mita 5,149, ni kile cha kulia chenye meno. (Mtoto wa Moshi kuulizia hilo simu, jamani!)

GPS haili bando. Ramani ndiyo inayolila, basi ipakue ukiwa bado mjini. Wingu likifunika, mchoro utaendelea kukuonyesha kilele, lakini njia haukuonyeshi. Hapo msikilize mwongozaji wako.