Picha kuwa chenga sio kwamba iko salama (kwa mnaoanza enkripisheni ya picha)

Wadau mnaoanza projekti za kusimba picha (kuifunga kwa ufunguo isisomeke), hasa nyie wa mwaka wa mwisho, hili nalikuta karibu kila ripoti ninayopewa niipitie: kushoto kuna picha, kulia chenga tupu kama tivii iliyong'olewa antena, halafu chini mtu kaandika "picha iko salama". Hapana jamani. Hapo umeonyesha tu kwamba macho yako yameshindwa kuisoma, na anayeitafuta hiyo picha hatumii macho.

Jaribuni wenyewe. Chukua logo au mchoro wowote wenye rangi chache, usevu kama BMP ya kawaida ya biti 24, kata baiti 54 za mwanzo uziweke pembeni maana hiyo ndo heda (maelezo ya faili, kama ukubwa wa picha), zilizobaki zisimbe kwa openssl (programu ya kusimba), kwa mbinu ya AES, modi ya ECB (namna mojawapo ya kuitumia AES), kisha rudisha heda mbele ufungue. Logo utaiona imekaa palepale, imebadilika rangi tu! AES yenyewe haina tatizo, ila ECB inasimba kila fungu la baiti 16 kivyake, kwa hiyo eneo lote jeupe linatoa majibu yaleyale mwanzo mwisho. Sasa fanya hivyohivyo na picha uliyopiga kwa simu, utapata chenga safi, kwa sababu kamera ina noizi na mafungu yanayofanana ni machache sana, na hapo ndo wengi wanapodanganyika wanasema ECB mbona poa tu. Hata wakubwa yamewakuta, 2020 Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walikuta Zoom inasimba video na sauti kwa AES-128 modi hiyohiyo ya ECB, baadaye ndo wakahamia GCM, modi nyingine ya AES isiyo na tatizo hilo.

Halafu kuna ile hesabu ya Arnold (Arnold cat map) ya kuhamisha pikseli, yaani vidoti vya picha, mnaipenda kweli. Picha ya 256 kwa 256 ukiizungusha raundi 192 inarudi yenyewe kama ilivyokuwa, bila ufunguo wowote, na muda wote huo histogramu (hesabu ya pikseli ngapi zina thamani ipi) haijabadilika hata kidogo maana pikseli zimehama viti tu, thamani zake ni zilezile. NPCR (kipimo cha pikseli ngapi za picha iliyosimbwa zinabadilika ukigusa pikseli moja ya orijino) ya asilimia 99.6 nayo hata mbinu mbovu inaipata, supavaiza akiitaka iweke, ila usiiite ushahidi.

Kama shida yako ni kulinda picha na sio kuandika tasnifu, achana na pikseli, simba faili zima la JPEG lilivyo kwa AES-GCM au ChaCha20-Poly1305 (mbinu nyingine ya kusimba), tumia maktaba zilizopo usijitungie ya kwako. Ukisimba pikseli halafu ukasevu JPEG imekula kwako, JPEG inatupa data na picha hairudi, labda usevu PNG.

Na ile nonsi (namba ya kutumia mara moja tu kila unaposimba) msiirudie, naomba sana. Kwenye GCM ukisimba picha mbili kwa ufunguo mmoja na nonsi moja, mtu akizipiga XOR (kuzilinganisha biti kwa biti) ufunguo unajifuta wote anabaki na picha zako mbili zimelaliana, na kama ni BMP za vyeti vilivyoskaniwa, karatasi nyeupe maandishi meusi, anasoma vyote viwili vizuri tu. Pasiwedi nayo usiitumie moja kwa moja kama ufunguo, ipitishe kwanza kwenye Argon2 au scrypt, mbinu za kugeuza pasiwedi kuwa ufunguo.

Mengine ni ya nje ya hesabu lakini ndo yanayovujisha zaidi: ukisimba picha ukaacha ile orijino kwenye simu hujafanya kitu, na hata ukiifuta, kakopi kadogo ka galari kanaweza kubaki kwenye folda ya .thumbnails, kadogo ndiyo ila sura inaonekana. Jina la faili pia badilisha, mtu akikuta majibu_ya_vipimo_mama.jpg.enc hana haja hata ya kulifungua.