Paka dume anayechuchumaa bure

Wiki hii mmetuuliza: ulijuaje kwamba mnyama wako anaumwa kweli, hajachoka tu? Mimi nilijua kwa kuchelewa.

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, paka hafugwi kwa urembo. Yupo kwa ajili ya panya wanaotoboa magunia ya unga, na mshahara wake ni vichwa vya tomsoni. Wetu ni dume la rangi ya majivu. Tunamwita Shefu, kwa kuwa hana haraka na lolote. Basi Jumapili alipoacha kichwa cha samaki kwenye sahani, nani angeshtuka? Nikasema kashiba panya. Jioni nikamkuta kwenye karai lake la mchanga, amechuchumaa, mgongo umepinda, mkia unatetemeka. Akatoka, akazunguka, akarudi. Mara tano, sita. Mama mdogo akasema amefunga choo, akamnywesha kijiko cha mafuta ya mawese, tukalala.

Asubuhi nilichambua ule mchanga. Wote mkavu, isipokuwa doa moja la upana wa kidole, lenye wekundu. Shefu alikuwa chini ya kitanda. Nilipompapasa tumbo nikakuta kitu cha mviringo, kigumu kama limau, naye akanitolea meno kwa mara ya kwanza tangu nimlee.

Jirani, kwa moyo mwema kabisa, akaleta nusu kidonge cha parasetamoli. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, akamshika mkono. Ini la paka haliimudu dawa hiyo: damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka kahawia, uso unavimba. Kidonge kimoja chatosha kumuua.

Nikamtia kikapuni, nikafunika kitenge, tukapanda taksi-bisi. Mji wetu una bahati, chuo kikuu chake kina kitivo cha utabibu wa wanyama, kwa hiyo daktari wa paka hatafutwi kwa tochi. Aliyempokea alimgusa tumbo tu, akajua: lile limau ni kibofu kilichojaa, mkojo hautoki. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba kuliko ya jike. Ikizibwa na chembechembe na ute, figo zinalemewa, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Ni suala la siku moja au mbili, nami nilikuwa nimeshapoteza usiku mzima. Akamlaza kwa dawa, akampitishia mrija wa mpira kwenye njia hiyo. Ulitoka mkojo mwekundu kama chai ya rangi. Bili ilizidi bei ya magunia mawili ya makaa, na sijaijutia.

Paka akitapika nywele kisha akala, mimi sihangaiki. Lakini akihema mdomo wazi, ufizi ukipauka au kuwa wa njano, au akipitisha siku nzima bila kula, nachukua kikapu. Paka mnene ndiye wa kuogopewa zaidi kwa njaa: mafuta ya mwili hukimbilia ini likashindwa kazi. Kama wenu hukojoa nje na mna wasiwasi naye, mfungieni ndani na karai la mchanga. Mtaona.

Siku hizi, kabla sijawasha mbabula, jiko letu la makaa, nahesabu kwanza mabonge ya mkojo kwenye mchanga. Mawili, matatu, naendelea na chai. Mama mdogo anacheka hadi anashika mbavu, ila juzi nilipochelewa kuamka nilimkuta yeye ameinama pale na kijiti.