Kazi ya Broka Inaanza Mteja Akishalipa

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa binti mmoja wa Geita. Ameanza uwakala wa bima, stika za magari anauza vizuri tu, lakini mwaka ukiisha wateja hawaonekani. "Dada, nawahudumia kwa haraka kuliko wote na bado wananikimbia. Nakosea wapi?" Nilimjibu kwa sauti, tena na tena, mpaka akaniambia bando limekata. Basi naandika hapa, maana najua wenye ndoto kama yake mko wengi: ofisi yako mwenyewe, jina lako mlangoni, wateja wanaokuja bila kubembelezwa.

Mdogo wangu, hiyo haraka kila mtu anayo siku hizi. Stika inatoka kwenye mfumo kwa dakika chache, awe ni wewe, mimi au kijana mwenye meza pale stendi. Na bei huna cha kuringia. Bima ndogo ya gari dogo binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT, Geita hata Kariakoo. Bima kubwa ya gari binafsi, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, nayo kwa kawaida inakokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari: gari la milioni 15 linaanzia 525,000, weka VAT ya asilimia 18, unafika 619,500. Sasa kama bei ni ile ile na haraka ni ile ile, mteja akukumbuke kwa lipi?

Mimi jibu nililipata nikiwa mfanyakazi wa kampuni ya bima Dar es Salaam, dawati la madai. Wengi wa wenzangu walilikwepa dawati lile, kwa sababu mtu anayefika hapo hajaja kucheka. Watu walikuwa wanakuja na makaratasi yao kwenye mfuko wa rambo, enzi hizo haijapigwa marufuku, wanamwaga kila kitu mezani: kadi ya gari, risiti ya gereji, hata vyeti vya kliniki vya watoto. Hawajui kipi ni kipi. Kuna baba alikuja bampa la mbele limeng'oka, anataka kampuni imtengenezee gari. Nikaangalia: bima ndogo. Nikamweleza kwamba hiyo inamlipa uliyemgonga, ya kwako unajitengenezea mwenyewe. Akanitazama kwa muda, akasema, "Mbona aliyeniuzia hakuniambia?" Sentensi hiyo niliisikia pale dawatini kwa kila lafudhi ya nchi hii.

Nikaamua nitarudi nyumbani Mwanza niwe broka, yaani anayesimama upande wa mteja, niifanye kazi hii kwa namna ya watu kujua wanachonunua. Habari za kusajili kampuni na kusubiri leseni naziacha, hazina utamu.

Nilichoanza nacho, na mpaka leo sijakiacha, ni kusoma hati pamoja na mteja. Hati za bima zetu karibu zote ni za Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria. Namkalisha mteja, natoa kalamu nyekundu, napiga mstari kwenye mambo yaliyotengwa, yaani ambayo bima hailipi, kwenye ekses, ile sehemu ya hasara anayoibeba mteja mwenyewe, na kwenye masharti yanayomhusu yeye na gari lake au duka lake. Namsomea kwa Kiswahili, wazee wengine inabidi nihamie Kisukuma. Kwa mwenye gari, mambo yanayoleta kilio nayajua: gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi halafu linafanya teksi ya mtandao usiku, leseni ya dereva imekwisha muda, dereva wa lori ana daraja la gari dogo. Nayasema yote kabla hajatoa hela. Wapo wanaoinuka na kuondoka. Mmoja aliniambia, "Wewe mama unauza bima au unaikataza?" Aende salama. Nikimficha leo, siku ya ajali nitamweleza nini?

Cha pili ni kaunta buku. Najua kuna programu za kompyuta na ofisini tunayo moja, lakini daftari langu halizimi umeme ukikatika. Kila mteja ana ukurasa: namba ya gari, tarehe ya kuisha, jina la dereva, leseni inaisha lini, na nafasi ya chini ya kuandika mambo ya maisha. Amehamisha duka, andika. Ameuza gari, andika na umpigie, kwa sababu wengi wanadhani bima inamfuata mnunuzi yenyewe. Mwezi mmoja kabla ya bima kuisha napiga simu, na wiki ya mwisho napiga tena. Sheria yetu iko wazi kwamba ada isipolipwa bima haianzi, kwa hiyo ukimwambia mteja "usijali, utanilipa mwisho wa mwezi" umemwacha barabarani mtupu. Na akishalipa namwambia atoe simu yake mwenyewe, aingie kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, aandike namba ya gari aone stika yake kwa macho yake. Anayefundishwa kukuhakiki hakushuku.

Lakini hayo yote ni madogo. Niwaambie habari ya mzee wa vitenge, halafu mnielewe kwa nini nina ukali.

Mzee huyu ana duka mitaa ya Makoroboi. Tulipoanza nilimkatia bima ya moto ya milioni 40, na mzigo wake kwa wakati ule ulikuwa hapo hapo. Kila nikipita kumsalimia nilikuwa napiga picha za duka na stoo kwa simu, naye ananitania: "Binti yangu, unataka kuniroga?" Nyingine namtumia, nyingine nabaki nazo. Biashara ikamkubali, marobota yakapanda mpaka darini. Nikamwambia mzee, mzigo huu sasa unakaribia milioni 80, tupandishe bima. Akaona natafuta kamisheni. Hakutamka, ila niliiona usoni. Bima ilipoisha akahamia kwa kijana mmoja aliyemhakikishia kwamba milioni 40 zinatosha kabisa na kwamba akina sisi kazi yetu ni kutisha watu.

Niseme ukweli, iliniuma. Kwenye msiba wa mkewe nililala mkekani na mabinti zake, nikakoroga ugali wa waombolezaji. Unaachwa hivyo hivyo, kwa tofauti ya ada ambayo haifiki hata bei ya vitenge vya sare ya harusi moja. Mpaka leo nikiandika naisikia.

Moto ulianzia stoo ya nyuma, hitilafu ya umeme. Zimamoto waliwahi, duka la mbele likanusurika. Usiku ule ule mzee alimpigia yule kijana, simu haipatikani, akanipigia mimi. Nikaenda. Marobota ambayo hayakuungua yalikuwa yamelowa maji ya zimamoto, rangi zimechujana, ukivuta ukingo wa kitenge unakatikia mkononi. Mzee amekaa kwenye benchi la fundi cherehani wa jirani, kofia mkononi, watu wanampa pole kama yuko msibani.

Mkadiria hasara alipofika alitaka daftari la stoku, risiti za EFD za manunuzi, na stakabadhi za kusafirisha mzigo kutoka Kariakoo. Vingi vilikuwa kwenye droo ya stoo, vimeungua pamoja na stoo. Kilichobaki kuonyesha mzigo ulivyokuwa ni picha kwenye simu yangu, mimi ambaye si broka wake tena. Nikazitoa. Nikamwambia mzee mapema, kabla hajaniona msaliti: picha hizi zitakusaidia na zitakuumiza. Zilithibitisha kwamba mzigo ulikuwepo. Zikathibitisha pia kwamba ulikuwa wa milioni 80 na bima ni ya milioni 40.

Hapa ndipo wengi wetu hatuwafafanulii wateja, kwa hiyo soma taratibu. Kilichoungua kilikadiriwa kuwa milioni 30. Mzee akasema, "Si nina milioni 40? Nimeunguza 30 tu, nilipwe 30 zangu." Kila mfanyabiashara angesema hivyo. Lakini ukikata bima ya nusu ya mali, kampuni inakuhesabu kwamba nusu nyingine umejibebea mwenyewe, hata kama kilichoungua ni kidogo. Milioni 40 gawa kwa 80, zidisha kwa 30: milioni 15. Kabla ya kukata ekses. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye kipande cha boksi, nikarudia mara kadhaa kwa sababu hakutaka kuiamini, na simlaumu. Akauliza kama ile bima ya milioni 80 ingelipa zote 30. Nikamwambia ndiyo, ukitoa ekses.

Fomu zake za madai nilizijaza mimi, bila senti. Barua ya kufuatilia niliandika mimi. Je, alirudi kwangu? Hakurudi. Mkopo wa kuanza upya aliuchukua benki, na benki ikamkatia bima humo humo. Ila wauza vitenge wa mstari wake wote leo wako kwenye kaunta buku langu, na si mimi niliyewafuata.

Ndugu zangu tulio kwenye kazi hii, tuache kuuza karatasi. Mnakumbuka Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, halafu Soko la Karume Januari 2022. Simu zilivyopigwa! Kila muuza duka anataka bima ya moto leo hii. Wengi wetu tulikata haraka haraka, tukaandika kiasi alichotaja mteja bila hata kwenda kuona duka. Wangapi waliulizwa kama wana stoo mtaa wa pili? Bima ya moto inaangalia mahali palipoandikwa kwenye hati. Mzigo ulioko godauni lisilotajwa haumo. Mteja hawezi kuota jambo hilo usingizini, na kulisema ni kazi yako wewe uliyekula kamisheni. Mtu anakuamini na jasho la miaka yake, wewe unamtumia picha ya maua kila Jumatatu, "Wiki njema mteja wetu", ukidhani umemhudumia. Maua hayo yatamlipa nani?

Narudi kwako binti wa Geita. Uliuliza pia ufanye nini mteja akipata ajali, kwa sababu wewe huwa unampa namba ya kampuni. Usimpe namba. Pokea simu, hata kama ni usiku, mwambie mambo machache kwa utulivu: majeruhi kwanza, na wapate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, polisi waitwe, na kama gari halijaziba barabara lisisogezwe kabla hawajapima, apige picha pande zote, aandike namba ya gari la mwenzake, asiahidi mtu yeyote kwamba atalipa. Gereji isiguse kitu kabla kampuni haijakagua. Kesho yake asubuhi taarifa iwe imefika kwenye kampuni kwa maandishi, halafu ndipo mnaanza kukimbizana na ripoti ya polisi, ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Nenda naye kituoni ukiweza. Mtu aliyetoka kugongana hasikii unachomwambia, anahitaji mtu wa kumshikia bahasha.

Halafu kinakuja kipindi kibaya kuliko ajali, cha kusubiri. Mimi kila Ijumaa nampigia mteja mwenye dai, hata kama sina jipya. "Mzee, kampuni bado hawajajibu, Jumatatu nawafuata tena." Ni dakika moja. Ukikaa kimya yeye anaanza kukupigia, simu ya tatu tayari ana sauti nyingine, na ya tano anaipiga akiwa na shemeji yake mwanasheria pembeni. Kampuni ikizungusha, andika barua, taja tarehe zote, hifadhi nakala. Isiposikia, kuna ofisi ya TIRA ya kanda hapa Mwanza, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mpeleke mteja, usimtajie tu halafu ukajificha.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama uache uwakala ufungue kampuni ya ubroka: usikimbilie. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima, broka anasimama upande wa mteja, na kusimama upande huo kuna gharama. Utahitaji kampuni iliyosajiliwa, mtu mwenye taaluma ya bima, leseni ya TIRA, na wewe mwenyewe ukatiwe bima ya taaluma, ili ukimshauri mtu vibaya apate pa kulipwa. Kwanza chukua wateja wako wa mwaka jana wote, waliorudi na wasiorudi, uwapigie mmoja mmoja na usiwauzie kitu. Waulize tu kama gari bado ni lao, dereva ni yule yule, duka liko pale pale. Ukimaliza orodha niandikie tena, nikuelekeze namna ya kupanga daftari.