Mwanangu, kuhusu kile kibwagizo

Mwanangu,

Huku hatujambo, bibi yako tu na goti lake. Ujumbe wako nimeusikiliza, nikaurudia. Unauliza kama Bebe Rexha, yule mwimbaji wa Marekani, alikula hasara alipowaachia Eminem na Rihanna kibwagizo chake, maana na wewe prodyuza wako anakitaka chako ampe msanii mkubwa.

Mambo ya pesa muulize baba yako. Mimi nitakwambia habari ya jina.

Yule binti hakuibuka tu. Kazaliwa Brooklyn mwaka 1989, wazazi wake Waalbania wenye asili ya Makedonia, akakulia Staten Island, na utotoni alipiga tarumbeta kwa miaka. Akaimba na Black Cards, kundi la yule mwanamuziki wa roki Pete Wentz, akatoka 2012. Halafu ndiyo hayo maneno yake ya zimwi la chini ya kitanda yakafika kwa Eminem. "The Monster" ikatoka 2013, ikashika namba moja Marekani, na tuzo ya Grammy ya 2015 ikaenda kwa Eminem na Rihanna. Kwenye orodha ya watunzi yumo, ndiyo. Nani anasoma orodha ya watunzi ukumbini?

Ile harusi ya Ngamiani, kule Tanga, unaijua, nimeshaisimulia, lakini nisikilize tena. Shairi lile la taarabu nililitunga mimi, barazani kwa bibi yako, wewe ukiwa mgongoni. Mwimbaji alipofika pale pa "Nilikupa kiti ukae, sasa wataka kitanda," ukumbi mzima ulisimama. Noti zikabandikwa kwenye paji la uso wake, nyingine zikasukumwa shingoni mwa gauni. Mwanamke wa pembeni yangu, khanga imemdondoka begani, akaniinamia: "Huyu dada ana maneno!" Nikamjibu, "Anayo." Kisha nikainuka na mimi nikaenda kumtunza, pesa yangu mwenyewe, kwa maneno yangu mwenyewe.

Jina litajwe, mwanangu. Nakwambia hivyo tangu ulipokuwa unaandika mashairi nyuma ya daftari la hesabu.

Lakini ngoja. Asingeutoa wimbo ule, nani angemfungulia mlango? Haya, nakubali. Ila mwaka huohuo wa Grammy, DJ David Guetta akatoa "Hey Mama". Anayeimba kibwagizo ni Bebe, na waliotajwa mwanzoni ni Nicki Minaj na Afrojack. Yeye wakaja kumwongeza baadaye. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa, akaingia, akakaa sebuleni, na bado hakutambulishwa kwa wageni! Na humo humo kwenye wimbo kuna sauti za wafungwa weusi wa Mississippi, zilizorekodiwa miaka ya 1940 wakiimba kazini. Hao je? Wimbo ukipigwa kwenye daladala watu wanacheza, mimi natega sikio kwa wale wa nyuma.

Basi 2017 ikaja "Meant to Be", Bebe na Florida Georgia Line, wale wawili wa country, ikakaa wiki 50 kileleni mwa chati ya country. Binti wa Kialbania, kwenye muziki wa wachunga ng'ombe! Na safari hiyo jina lake ndilo lililotangulia. Nikifika hapo naona niseme uza, mwanangu, zamu yako itakuja. Halafu namkumbuka yule mwanamke na khanga yake, naona nisiseme.

Sitakuamulia. Ulimi unaniwasha, lakini umri wa kuamuliwa umekupita, na ungetaka amri ungempigia shangazi yako. Nitumie tu huo mkataba kabla ya Ijumaa, kurasa zote, si ule wa malipo peke yake. Na huyo prodyuza mwambie akuandikie jina lako litakaa wapi: kwenye wimbo wenyewe, au kule chini kwenye maandishi madogo. Akicheka, nipigie palepale, kabla hajainuka kitini.

Mama yako