Kabla hujamtumia kijana meseji ya kliniki

Wadogo zangu mnaoanza kwenye kliniki za afya ya akili za vijana huku Mwanza, iwe mjini au Sengerema, Magu, Ukerewe, wengi wenu mtakabidhiwa simu na daftari la namba mkaambiwa kazi yenu ni kuwakumbusha vijana tarehe. Naomba msiichukulie hivyo. Kijana wa miaka 19 mwenye sonona mara nyingi hajasahau tarehe, anaijua vizuri sana, ila anaona aibu kukaa kwenye lile benchi jirani asije akamuona, au hana nauli, au dawa zilimchafua tumbo akaziacha na sasa anaogopa kuja kugombezwa. Meseji ya "unakumbushwa kuhudhuria kliniki" haigusi hata kimoja hapo.

Wenzetu Kenya walifanya utafiti matokeo yakatoka 2010, watu 538 wenye VVU waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi (ARV), nusu wakawa wanatumiwa kila wiki meseji moja tu, "Mambo?", unajibu Sawa au Shida ndani ya saa 48, ukisema shida au ukikaa kimya nesi anakupigia. Waliotumiwa walishika dawa vizuri asilimia 62, wasiotumiwa 50. Ilikuwa VVU na watu wazima, kwa hiyo msiende kutangaza kwamba imeshathibitishwa kwa vijana wetu, lakini angalieni ilivyokaa: dawa haikutajwa kabisa, halafu upande wa pili kulikuwa na mtu anasubiri ile shida aifanyie kazi. Mimi hapo ndo nimesimamia mpaka leo, kama hakuna wa kupokea jibu basi usitume.

Na hapa muwe macho na mifumo ya kutuma meseji kwa watu wengi kwa mpigo. Ni rahisi, unaandika mara moja inaenda kwa wote, ila ikitokea kwa jina badala ya namba kijana hawezi kujibu, anaandika "nimezidiwa" halafu haiendi, na yeye anabaki akijua amepuuzwa. Na lile jina lenyewe linatokea kwenye kioo cha simu hata kama imefungwa, sasa fikiria simu ipo mezani nyumbani Igoma jina linasoma afya ya akili wakati baba anakula, mtaani kwetu bado kuna watu wakisikia hivyo wanasema huyu ni wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Tumia laini ya kawaida, yenye namba. Kingine kidogo ila kinakula hela, meseji moja ni herufi 160 lakini ukiweka emoji, au ukikopi kutoka kwenye kompyuta neno kama ng’atuka lenye kile kialama kilichopinda, simu inahesabu 70 tu, meseji inakatwa vipande na unalipia kila kipande. Andika kwa mkono kwenye simu, inatosha.

Siku ya kwanza anapokuja muulize yeye mwenyewe nikuandikieje. Muulize simu ni ya nani, maana wengi wanashea kitochi na mama au dada, muulize saa ngapi anakuwa nayo, na tukikukosa tumtafute nani ambaye wewe unamwamini, sio ambaye sisi tunamwona anafaa. Kuna binti alituambia tumwandikie "vipi ile ishu ya alhamisi" na ikawa hivyo muda wote, hakuna aliyejua ni kliniki. Laini zinabadilishwa sana pia, kwa hiyo namba ikikaa kimya muda mrefu usiandike chochote cha ugonjwa mpaka ujue ni nani ameishika. Na lile daftari lifungiwe, sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022, na hata isingekuwepo siri ya mtoto wa mtu ni siri.

Muda ambao meseji inaokoa zaidi ni wiki za mwanzo za dawa. Fluoxetine kwa mfano, dawa ya sonona, inaweza kuchukua wiki 2 mpaka 4 au zaidi mtu kuanza kuona nafuu, ila kichefuchefu na kukosa usingizi vinaanza mapema, yaani kijana anapata mabaya kabla ya mazuri na hapo ndo wengi wanapotea. Mwandikie siku ya tatu, ya saba, usisubiri mwezi uishe. Mmoja aliyekuwa kwenye dawa nyingine, ya kumeza usiku, alijibu "poa" tu, akaulizwa poa ya kweli au ya kuniridhisha, ndo akafunguka, dada mi siji tena zile dawa zinanilaza mpaka saa nne bosi dukani kalalamika. Akajibiwa: "Asante kwa kuniambia. Usiache ghafla. Naongea na dokta leo tuone kama unaweza kumeza mapema jioni. Nikupigie saa ngapi?" Akapigiwa saa aliyotaja, dokta akambadilishia muda, akarudi. Hakuna mahubiri pale, na kubwa zaidi, ahadi ilitimizwa siku ileile.

Kwa wanaofanya dagaa kalenda ya ofisi haifai. Wanaingia ziwani jioni wanatoka asubuhi, huko visiwani mtandao unasumbua, mbalamwezi ikiwa kubwa ndo wanapumzika kwa sababu taa hazivuti dagaa. Sasa mpangie kliniki siku za mbalamwezi, na meseji zako ziende mchana akishaamka. Hili dogo tu linarudisha vijana ambao watu walishawaandika kwamba ni wakaidi.

Akiandika anataka kufa au amechoka kuishi, acha kuchat, piga hapohapo. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpandikizii wazo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Usikate mpaka kuna mtu yuko naye, na aende dharura, Bugando, Sekou Toure au hospitali iliyo karibu. Walio chini ya miaka 18 wapewe mapema namba 116, simu kwa mtoto, haina gharama. Na tangu siku ya kwanza waambie saa ambazo simu ya kliniki haina mtu, usimwache kijana akisubiri jibu usiku wa manane.

Mwisho, laini isisajiliwe kwa kidole chako. Ukihama au mkataba ukiisha inaondoka na wewe, na wale vijana wanabaki wanaandika kwa mtu ambaye hayupo tena. Isajiliwe kwa jina la kituo, na kabla hujaondoka mwandikie kila mmoja nani anashika simu kuanzia lini, ikiwezekana huyo mpya ajitambulishe wewe ukiwa bado upo.